Kabla hamjapokea msaada wa kampuni, ulizeni nani atamlipa fundi

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi na moja meseji zinaanza kumiminika, "dada naomba sampo ya barua ya kuomba msaada kwenye kampuni, tuna kataasisi ketu tunataka tufanye kitu na watoto Krismasi." Sampo ninazo ila huwa sitoi, sio roho mbaya jamani, ni kwamba barua sio tatizo lenu. Mi nimekaa pande zote mbili, kwanza kitengo cha masoko cha kampuni moja ambako barua za aina hiyo zilikuwa zinatua mezani kwangu, baadaye nikaenda taasisi ya watoto wenye ulemavu ambako mimi ndo nikawa naziandika, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Kwanza hiyo Novemba yenyewe ushachelewa. Kampuni nyingi zinafunga mwaka Desemba na bajeti ya mwaka unaokuja inaanza kupikwa kuanzia Agosti hivi, ikifika Novemba kilichobaki ni makombo, labda katoni za sabuni na fulana zilizobaki kwenye tamasha. Na sio wote wana kalenda moja, Vodacom kwa mfano wanafunga mwezi Machi, kwa hiyo piga simu uulize mwaka wao wa fedha unaisha lini. Swali dogo tu ila wengi hawaulizi.

Pili barua ya "tunaomba msaada wowote mtakaojaliwa" haisomwi mpaka mwisho. Sio dharau, ni kwamba bosi akiniuliza hawa wanataka nini sina cha kumjibu.

Sasa nije kwenye ishu yenyewe. Msaada wa kampuni una gharama zake na mara nyingi anayezibeba ni nyie mliopokea. Pale kwenye taasisi yetu kuna kampuni ilituletea viti mwendo, mgeni rasmi akaja, bango likafungwa, picha zikapigwa, vifijo. Viti vizuri kwa macho ila vyote saizi moja tena ya mtu mzima, na wenzangu mnaofanya kazi na watoto wenye mtindio wa ubongo mnajua maana yake, mtoto akikaa kwenye kiti kikubwa analala upande mmoja, mgongo unazidi kupinda na makalio yanatoka vidonda. Halafu vile vya watoto wakubwa ambavyo angalau viliwatosha navyo matairi yakaisha kwa sababu barabara zetu ni kokoto na mchanga, beringi zikafa, spea hazipatikani kwa fundi baiskeli wa kawaida, na kwenye ile bajeti ya kampuni hamna hata shilingi ya matengenezo. Wazazi wanakuja kwetu, hawaendi kwa kampuni.

Kwa hiyo kampuni nyingine ilipokuja na wazo hilo hilo tulikaa nao tukawaambia hela ni ile ile ila viti vipungue, kila mtoto apimwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia, na kuwe na fungu la fundi na spea la miaka miwili. Upande wao waligoma mwanzoni, na mi nilikuwa nawaelewa kabisa maana nilishakaa kiti hicho, viti vichache havijazi picha. Kilichowalainisha ni kwamba tuliwapa matukio mawili badala ya moja, siku ya kukabidhi na tena mwaka mmoja baadaye watoto wale wale wakiwa shule na viti vile vile vinatembea. Afisa masoko akipata picha ya pili anaweza kwenda nayo kwa bosi wake kuombea bajeti ya mwaka unaofuata, yani unamrahisishia kazi, na hapo ndo anakuwa rafiki yenu wa kweli. Hii iwekeni kwenye makubaliano ya maandishi, sio kwenye kikao cha chai, maana yule uliyeongea naye kesho kahamishwa na anayekuja hajui chochote.

Ukitaka kuona ushirikiano uliokaa vizuri angalia ule wa CCBRT, hospitali ya Dar, na Vodacom kwenye fistula, lile tundu linalobaki baada ya uzazi mgumu mama akawa anavuja mkojo au kinyesi, ulianza 2009. Matibabu yalikuwa bure tayari, kilichokuwa kinawakwamisha akina mama ni nauli, mtu yuko kijijini huko mbali Dar anaisikia tu. Wakawa wanamtumia balozi wao wa kule kijijini, yani mtu anayewatafuta wagonjwa na kuwaelekeza hospitali, nauli kwa M-Pesa, anamkatia mama tiketi, mama akishapokelewa hospitali balozi naye anatumiwa hela kidogo ya asante. M-Pesa yenyewe hapo ilikuwa na mwaka mmoja tu Tanzania. Kampuni haikuhitaji kujifunza udaktari, ilitoa kitu inachokifanya kila siku. Au ile Kili Challenge ya mgodi wa Geita, wanapanda Kilimanjaro kuchangisha hela za ukimwi pamoja na TACAIDS, tume ya serikali ya kudhibiti ukimwi, tangu 2002, mwaka hadi mwaka jambo ni lile lile. Mgodi wenye maelfu ya wafanyakazi, ukimwi ni habari ya kazini kwao pia, ndo maana hawajachoka. Kabla hujaandika andiko jiulize kampuni hii inafanya nini kila siku na shida yetu inakutana nayo wapi, magari ya kusambaza mizigo, mawakala, wahasibu, chochote.

Mambo ya karatasi nitayapitisha haraka ila msiyadharau. Cheti cha Msajili wa NGO peke yake hakiwafanyi muwe taasisi ya hisani machoni pa TRA, hilo linaombwa pembeni, na mkilipata kampuni inaweza kukata mchango wake kwenye hesabu za kodi, mwisho asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Mhasibu wao anaijua hii, nyie mkiijua pia mnaheshimika. Ila kama wanachotaka ni nembo yao kila mahali basi huo sio mchango, ni udhamini, unatoka fungu la matangazo ambalo kwa kawaida ni nene zaidi, msione aibu kutaja bei. Na kanuni za 2018 ziliweka kwamba mkataba wa fedha zinazozidi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili na Hazina, kwa hiyo ulizeni utaratibu ulivyo sasa kabla hamjasaini.

La mwisho ni kukataa. Sisi tuliwahi kufuatwa na kampuni ya kubeti, wanataka nembo yao kwenye fulana za watoto, na hela ilikuwa nzuri kiukweli. Tulikataa bila kugombana kwa sababu bodi ilishaandika ukurasa mmoja unaosema ni biashara zipi hatusimami nazo, pombe, sigara, kamari, kwa hiyo mkurugenzi alichofanya ni kuwatumia ule ukurasa kwa imeili na kuwashukuru. Kama nyie hamna huo ukurasa muuandike kikao kijacho, wakati hamna kampuni yoyote inayosubiri jibu.