Cull, lakini si peke yake

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni rubani gani wa vita ambaye kisa chake cha kweli kinafaa kusimuliwa watoto. Swali limenigusa kwenye kidonda. Nina jibu, ila kwanza nina neno na hilo swali lenyewe, kwa sababu limemtaja rubani peke yake.

Nimefanya kazi bandarini Kilindini miaka 26, na 19 kati ya hiyo niliimaliza nikiwa nimesimama mdomoni mwa falka, lile tundu la kushushia mzigo tumboni mwa meli, nikimpa ishara dereva wa winchi. Kwa asiyeijua kazi hii: dereva amekaa juu, na chini falkani walipo makuli haoni kitu. Anachokiona ni mkono wangu. Kidole kikizunguka, anapandisha. Kiganja kikishuka taratibu, anateremsha. Ngumi ikifungwa, mzigo unasimama hapo hapo ulipo, hata kama unaning'inia. Usiku mmoja wa mvua, wavu wa magunia ya mchele ulianza kuachia upande mmoja. Nikafunga ngumi, dereva akasimamisha palepale, na watu watatu waliokuwa chini wakapata nafasi ya kutoka. Kulipokucha, kampuni iliyotuajiri ikampa dereva bahasha na kumpongeza mbele ya watu wote. Mimi nikaambiwa nisichelewe zamu ya jioni. Yamepita. Lakini tangu siku hiyo nikisikia habari za rubani shujaa, huuliza kwanza: alikuwa na nani?

Kisa changu ni cha John Cull, rubani wa Kiingereza, huko Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ushahidi wake uko hapa kwetu Mombasa, ndani ya Fort Jesus. Kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, na kuna mzinga wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Watu hupita wakapiga picha wakaenda zao. Mimi nimempeleka mjukuu wangu mara tatu. Saa nane mchana chuma kile hakishikiki kwa joto, naye lazima akiguse, kisha anapuliza vidole.

Ugomvi wa meli hizo mbili ulikuwa bandarini Unguja, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Pegasus ilikuwa kwenye matengenezo, Königsberg ikaikuta imetulia, ikaipiga mpaka ikazama. Baadhi ya mabaharia wake wamelala kisiwani Chapwani. Königsberg nayo ikajichimbia ndani ya delta ya Rufiji, na manowari kubwa za Waingereza zikabaki nje baharini, kwa kuwa kina cha mle hakikuzitosha. Ndipo zikaletwa ndege.

Wa kwanza kuruka alikuwa raia, H. D. Cutler, aliyetolewa Durban na ndege yake ya kutua majini. Rejeta yake iliharibika, na meli ikatumwa hadi Mombasa kutafuta nyingine. Ikapatikana ya gari la Ford, ikafungwa kwenye ndege, akaruka nayo na akaiona Königsberg mafichoni. Desemba ya mwaka huo huo injini ilimfia, akatua mtoni na kukamatwa. Fundi yeyote wa gereji za kwetu atakiri kwamba kuruka juu ya mikoko ya Rufiji kwa rejeta ya gari si jambo dogo. Zikaja ndege nyingine, joto na unyevu wa pwani yetu vikalegeza gundi iliyoshika mbao zake. Januari 1915 Waingereza wakaichukua Mafia, uwanja wa ndege ukafyekwa huko, na mwezi wa sita zikafika manowari mbili bapa, Severn na Mersey. Zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, kwa hiyo maji machache hayakuzisumbua. Tarehe 6 Julai zikaingia mtoni, zikapiga siku nzima, Mersey ikaumizwa, zikatoka bila kuimaliza Königsberg.

Siku yenyewe ni Jumapili, tarehe 11 Julai 1915. Hapa mniache nikae kidogo.

Severn imetia nanga mtoni, mikoko huku na huku. Königsberg iko kiasi cha kilomita 9 mbele, nyuma ya miti hiyo hiyo. Mpiga mzinga haoni anachokipiga, anaona majani tu. Na Wajerumani hali yao ni ile ile, ndiyo maana wameficha watu ufukoni wenye simu za waya, wawe macho yao. Juu angani kuna ndege aina ya Henri Farman, ya mbao na kitambaa. Usukani ameshika John Cull. Pamoja naye yuko H. J. Arnold, na kazi yake ni simu ya upepo, ya kugonga ujumbe bila waya.

Saa sita na nusu mchana Severn ikaanza. Kombora linaanguka, Arnold anaangalia maji na tope vinarukia wapi, kisha anagonga ujumbe: umepitisha, rudisha, sogeza kushoto. Chini kuna mtu anasikiliza, mzinga unasogezwa kidogo, unapigwa tena. Mkupuo wa kwanza patupu. Wa pili patupu. Wa tatu, wa nne, vivyo hivyo. Nimeifanya kazi hii na ninajua kinachompata mtu akikosea mara nne mfululizo huku wote wanamsubiri yeye: mkono unataka kuharakisha. Arnold hakuharakisha. Mkupuo wa nane ukaipata meli, na iliyofuata mingi ikaipata vilevile.

Königsberg nayo ilikuwa inaipiga ndege. Muda mfupi baadaye kombora likapasuka karibu yao na injini ikaharibika. Arnold akagonga kwamba wamepigwa, waletewe mashua. Angeishia hapo nani angemlaumu? Lakini makombora ya Severn yalikuwa yanaangukia upande wa mbele wa Königsberg, naye akaliona hilo wakiwa wanashuka bila injini. Akaendelea kugonga, akiwahamishia shabaha katikati ya meli. Ndege inakwenda majini, na yeye bado anawarekebishia wenzake. Nikifika hapa kila mara mkono wangu wa kulia hujikunja wenyewe.

Wakaanguka mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka. Arnold akarushwa nje. Cull alikuwa bado amefungwa mikanda yake, akazama nayo, akahangaika chini ya maji mpaka akajinasua. Mashua ya Mersey ikawaokota wote wawili wakiwa hai. Ndege nyingine ikachukua zamu, na kabla ya jioni Königsberg ilikuwa inawaka. Kamanda wake, Max Looff, mwenyewe amejeruhiwa, akaamuru ilipuliwe kwa kichwa cha topido.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kusema kwamba Cull alikuwa dereva tu, na kwamba jina la kuwapa watoto ni Arnold. Nimeiandika mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ule mteremko. Ndege isiyo na injini haijiendeshi. Ingeyumba au kuinamisha pua vibaya, Arnold asingeona chochote cha kugonga. Cull aliishusha kwa namna ambayo mwenzake aliweza kuona mpaka mwisho, na mikanda yake ameisahau kwa sababu akili yote ilikuwa mikononi. Hata nishani walipewa wote wawili, ile ile moja, DSO, ya maofisa wa jeshi la Kiingereza. Nami nakumbuka sasa kwamba usiku ule wa mvua ngumi yangu isingemwokoa mtu kama dereva angekuwa ametazama pembeni nukta moja. Miaka yote nimeihesabu bahasha aliyopewa, wala sijawahi kuyahesabu macho yake yaliyokuwa kwenye mkono wangu. Bahasha zilipaswa kuwa mbili, hilo sitalibadilisha, lakini yake aliistahili.

Kuna jambo jingine ambalo mtoto asifichwe. Kuungua kwa ile meli hakukuwapumzisha watu wetu. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10, wakaitengeneza Dar es Salaam na kuipeleka bara, ikavutwa na mamia ya watu kwenye matope na vichaka. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, halikuweka silaha chini mpaka Novemba 1918. Wapagazi waliokufa katika miaka hiyo, wa pande zote mbili, hawana nishani, na wengi majina yao hayakuandikwa popote. Tunalo neno Kariakoo tu, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Mjukuu wangu aliniuliza mzinga ule ulifikaje huko kote bila lori. Nikamwonyesha mabega yangu, akanyamaza.

Kwa hiyo jibu langu, mkitaka rubani mmoja, ni Cull. Cutler na rejeta yake yuko karibu sana, na kwa ujasiri wa mtu mmoja peke yake pengine anamzidi. Ila nasema Cull, kwa ile dakika ya kushuka. Nawaomba jambo moja: mkilichapa jina lake, la Arnold liwe kwenye mstari huo huo na kwa herufi zile zile. Kama nafasi inatosha jina moja tu, basi jibu langu liacheni, mchape la msomaji mwingine.

Mstaafu wa bandari, Mombasa