Jibu: Kulipia kuhifadhi kitovu cha mtoto

Hongera dada, Mungu akufikishe salama. Umeuliza kama ulipie kuhifadhi nyama ya kitovu coz ajenti kakwambia itamtibu mwanao ugonjwa wowote mbeleni, mi nakuomba usilipe kwanza.

Iko hivi, damu ya kitovu na nyama ya kitovu ni vitu viwili. Damu ndo imethibitika, toka 1988 kule Paris mtoto alipandikiziwa damu ya kitovu cha mdogo wake akapona, leo inatumika kwa saratani ya damu na hata siko seli. Ila nyama, ule ute mweupe unaoteleza kama mlenda kuzunguka mishipa, una seli shina (seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina mbalimbali) tofauti na zile za kwenye damu, na matibabu yake mengi bado ni utafiti, kwahiyo hiyo "ugonjwa wowote" sio kweli kabisa.

Halafu we uko Ujiji, muulize nani anakibeba na kinafika maabara lini, maana kinatakiwa kifike mapema kikiwa hai ndo kigandishwe kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi -196, miaka yote kitakayohifadhiwa.

Kama una mtoto mkubwa mwenye siko seli hapo sawa, ongea na daktari kabla hujajifungua, damu ya mdogo wake inaweza kumfaa.

La bure ni hili, mwombe nesi asikate kitovu harakaharaka, kama mtoto yuko vizuri asubiri dakika 1 mpaka 3, ile damu inaingia kwa mtoto na inamkinga na upungufu wa damu. Hiyo hela kaa nayo, ukipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Maweni usiku utaihitaji.