Je, mvua na radi katika riwaya ya Kigothi ni mapambo tu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninazipenda riwaya za Kigothi, zile za kutisha zenye majumba makongwe na siri, na sasa ninajaribu kuandika yangu. Nimeweka jumba lililochakaa, usiku wa manane na radi karibu katika kila sura, lakini wenzangu walioisoma wanasema hawakuingiwa na hofu yoyote. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hukukosea katika uteuzi, kwani tangu Horace Walpole alipotoa riwaya yake The Castle of Otranto mwaka 1764, majengo makongwe yenye njia za gizani yamekuwa makazi ya riwaya hizi. Nahisi tatizo ni kwamba radi yako inanguruma bila kumfanya mhusika lolote. Mandhari na hali ya hewa hutisha pale yanapomnyima mhusika njia ya kutoka au uwezo wa kuona.

Tazama Wuthering Heights ya Emily Brontë, iliyotoka mwaka 1847. Lockwood anafika nyumbani kwa Heathcliff, katika nyika za Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, theluji ikianza tu kudondoka, na wakati huo hakuna cha kuogopesha. Lakini theluji inafunika njia, hakuna mwenyeji anayekubali kumsindikiza, na mgeni analazimika kulala katika chumba ambacho mwenye nyumba hataki kitumike. Usiku upepo unaligongesha tawi la mti dirishani. Ndotoni anavunja kioo ili alikamate tawi lile linalomsumbua, na vidole vyake vinashika mkono mdogo, wa baridi kama barafu. Theluji imemfungia ndani, upepo umemzoesha ile sauti, kwa hiyo mkono unapotokea msomaji naye hana pa kukimbilia. Bila theluji ile Lockwood angerudi kwake jioni ileile, nasi tusingeujua mkono huo.

Kuhusu radi, irudie Frankenstein ya mwaka 1818. Wengi hudhani kiumbe aliyeundwa na Victor Frankenstein alipata uhai katikati ya ngurumo, kama filamu zinavyoonyesha, ilhali kitabuni ni usiku wa Novemba wenye mvua inayopiga vioo na mshumaa unaokaribia kwisha. Kwangu mimi, unyonge wa mwanga ule unatisha kuliko tufani. Radi imewekewa akiba hadi baadaye, karibu na Geneva, ambapo mmweko mmoja unamwonyesha Victor umbo la kiumbe wake, kisha giza linalifunika tena. Mwandishi mwenyewe, Mary Shelley, aliijua nguvu ya mvua: alianza kuiandika riwaya hiyo mwaka 1816, katika kiangazi kilichoharibiwa na baridi baada ya volkano ya Tambora huko Indonesia kulipuka mwaka 1815, na mvua ilipowafungia ndani, yeye na wenzake walisoma hadithi za mizimu.

Ukungu nao hufanya kazi hiyohiyo ya kuficha, mradi nyuma yake kuwe na kitu ambacho mhusika ana haja ya kukiona.

Rudi basi kwenye mswada wako, uulize kila mvua inamzuia nani na kila mlango wa jumba lako unamfungia nani. Radi zote zifute, ubakishe moja tu, ile itakayomwonyesha mhusika wako jambo ambalo angeomba asilione.