Final Fantasy VII: anza na ile ya 1997, Remake itakungoja

Watu wakiiona Final Fantasy VII Remake, gemu ya zamani iliyotengenezwa upya, kwenye skrini, swali lao huwa lilelile: kuna haja gani ya kuhangaika na ile ya zamani, ambayo wahusika wake wana mikono kama vipande vya matofali? Jibu langu halijabadilika. Haja ipo, tena kubwa, na ukiweza anza na hiyo.

Gemu hiyo ya zamani ilitolewa na kampuni ya Square mwaka 1997, kwa PlayStation ya kwanza, ikiwa na diski 3. Remake ilitoka Aprili 2020, na haikuchukua hadithi nzima. Ilichukua Midgar peke yake, mji wa chuma ulioinuliwa juu ya nguzo, wenye nacho wakiishi juu na mafukara wakiishi chini bila kuona anga. Sehemu hiyo, ambayo kwenye ile ya zamani unaimaliza kwa saa chache tu, kwenye Remake inakula saa 30 na zaidi. Rebirth, sehemu ya pili ya Remake iliyotoka 2024, inaendelea hadi pale diski ya kwanza ilipoishia.

Kurefusha huko kumeleta mema, na mfano wangu ni Jessie, mmoja wa kundi la Barret linalopigana na Shinra, kampuni inayotawala Midgar. Mwaka 1997 alikuwa na mistari michache ya maneno, kisha anakufa kwenye ngazi za nguzo inayobeba mji wa juu katika Sekta 7, mtaa mmoja wa Midgar. Ukimsahau hulaumiwi. Kwenye Remake wewe, ukiwa Cloud, mhusika mkuu, unapanda naye usiku hadi nyumbani kwa wazazi wake. Mama yake anawaandalia wageni piza, na wakati wanakula, wewe unapenya chumba cha nyuma kutafuta kitambulisho cha baba yake. Unamkuta mzee mwenyewe kitandani, hajazinduka tangu sumu ya mako, nishati ambayo Shinra inaivuta ardhini, ilipompata kazini. Hapo unaelewa kwa nini binti huyu anatengeneza mabomu. Nguzo ilipoanguka nilihisi nimefiwa na mtu ninayemjua, na hisia hiyo ile ya kwanza haikunipa. Ndiyo maana nakushauri uzifanye zile kazi ndogondogo za Sekta 7, hata ya kutafuta paka waliopotea. Zinachosha, lakini zinakujulisha mtaa kabla haujafunikwa.

Mengine yamepotea, na yananiuma. Katika ile ya zamani, Sephiroth, adui mkuu wa hadithi, unamsikia tu kwa muda mrefu. Unaamka ukiwa mfungwa katika jengo la Shinra, mlango wa selo uko wazi, mlinzi amekufa, na sakafuni kuna mburuzo wa damu. Unaufuata hadi ghorofa ya juu kabisa. Rais Shinra amelala kifudifudi mezani kwake, upanga mrefu umesimama mgongoni. Mwenye upanga hujamwona bado, na hofu yote iko hapo. Remake inamleta Sephiroth mapema sana, katikati ya moto mtaani mara baada ya kinu cha kwanza kulipuka, na anaendelea kujitokeza. Anapendeza kutazama, ila hatishi tena.

Mabadiliko yanayonisumbua zaidi ni ya bomu lenyewe. Mwaka 1997, Barret na wenzake walilipua kinu cha mako, watu wakafa, na damu hiyo ilikuwa juu yao. Baadaye sana Cait Sith, mwenzao wa safari, anamkabili Barret kwa ajili ya wale waliokufa, na Barret hana pa kujificha. Kwenye Remake, bomu lao linaleta madhara madogo, kisha Shinra yenyewe inaamuru mashine zake zikiharibu kinu ili wananchi waogope. Mchezaji anapunguziwa mzigo ambao alipaswa kuubeba. Naiona kama hasara, hata kama inawafanya mashujaa wetu wapendeke zaidi.

Halafu kuna vile vivuli vya kijivu vyenye joho, Whispers. Mdogo wangu alianza na Remake, akavichukulia kama maadui wa kawaida, na kila vilipotokea alikuwa ananiuliza vimetumwa na nani. Angalia jambo moja: Barret anaamua Cloud asiende kwenye mlipuko wa pili. Vivuli vinavamia, Jessie anaumia mguu, na Cloud inabidi aende. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1997 alikwenda. Kazi yao ni kuirudisha hadithi kwenye njia ya zamani kila inapotaka kuchepuka. Usipoijua njia hiyo, nusu ya mazungumzo yanakupita, na sura ya mwisho itakuchanganya kabisa.

Kwenye mapigano usiwe na wasiwasi. Zamani unasubiri mstari wa ATB, unaoonyesha zamu yako, ujae, unachagua amri kwenye menyu. Sasa unajaza mstari kwa kupiga upanga mwenyewe, na ukifungua menyu muda unakaribia kusimama. Kama vidole havina kasi, chagua hali ya Classic: wahusika watapigana wenyewe, wewe utatoa amri tu. Materia, yale mawe yanayokupa uchawi, bado zinaunganishwa vilevile. Ukiipata materia ya Magnify, iunganishe na ile ya Healing, uchawi mmoja wa tiba utibu kundi zima. Iko moja tu, kwa hiyo fikiria vizuri nani aibebe.

Ile ya zamani inapatikana kwenye PS4, Nintendo Switch, kompyuta na hata simu. Toleo la PS4 na la Switch lina kitufe cha kuongeza kasi mara tatu na kingine cha kuzima maadui wanaotokea ghafla. Kasi itumie utakavyo unaporudia njia. Maadui usiwazime mara kwa mara, maana ndio wanaokuza levo na materia zako, na bosi atakukuta mwepesi.

Rebirth usiiguse kabla ya kumaliza diski ya kwanza ya 1997. Mwishoni mwake kuna kifo, simtaji marehemu. Rebirth inakirudia kifo hicho kwa namna ya kumyumbisha anayejua kitakachotokea, na video za YouTube zinaonyesha uso wa marehemu tangu kwenye picha ya jalada, kwa hiyo zikwepe hadi ufike.