Pumu za kazini kwenye karakana ya samani: kabla hujanunua kipimo soma hapa (ndefu kidogo)

Mkuu umesema bosi wako wa karakana hapo Ngamiani kakutupia kazi ya kuangalia kama vumbi la mbao na rangi mnazopuliza vinaweza kuwapa mafundi pumu, na swali lako kubwa ni ununue kipimo gani cha kupima vumbi hewani. Wadau wa juu wameshakutajia vile vya kushika mkononi vinavyoonyesha namba nyekundu. Mimi napinga. Nimekaa miaka kama mtu wa usalama kwenye karakana ya aina hiyo hiyo hapa hapa Tanga, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye mkonge, chumba cha brashi, wanaokijua wanajua, singa, yaani nyuzi za mkonge, zinapigwa mpaka hewa inakuwa nyeupe. Kipimo weka pembeni, chukua daftari.

Vile vipimo vya mkononi havijui hili ni vumbi la mvule na hili ni la barabarani, vinahesabu chembe tu, na mvuke wa hadina, ile dawa ya kukaushia rangi, haviuoni kabisa. Utapata namba nzuri utampelekea bosi na yeye atafurahi na fundi ataendelea kukohoa.

Anza na stoo. Andika kila kinachoingia. Mbao karibu zote ngumu zina kesi, ila mvule na mninga zinajulikana kabisa kwa kubana vifua, na mtiki wa kule Longuza unawasha hata ngozi. MDF, yale mabao ya unga wa mbao ulioshindiliwa, nayo ina gundi yenye kemikali ya fomaldehaidi. Halafu njoo kwenye rangi, na hapa ndio kaa sana. Kama mnatumia ile rangi ya kuchanganya, kopo la rangi na kopo dogo la hadina, basi ndani ya hadina mara nyingi kuna kemikali inaitwa isosianeti, na hiyo ndiyo kinara wa pumu za kazini. Soma lebo, ukikuta alama H334 maana yake mtengenezaji mwenyewe anakiri kitu hiki kikivutwa kinaweza kuleta mzio wa kifua au pumu. Shida ya mjini kwetu hadina inauzwa imeshamiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa haina lebo wala nini, hapo rudi kwa muuzaji mwambie akupe karatasi ya usalama ya ile dawa, akikosa badilisha muuzaji. Na usitegemee harufu, isosianeti ukianza kuinusa tayari umevuta nyingi kupita kiasi.

Baada ya hapo ndio kazi yenyewe, na ndiyo watu wanairuka. Mfuate fundi kutwa nzima, uandike anafanya nini na kwa muda gani. Utashangaa. Yule wa msumeno mkubwa ambaye kila mtu anamuonea huruma mara nyingi sio yeye anayekula vumbi baya, chembe za msumeno ni nzito zinaanguka chini. Vumbi baya liko kwenye msasa, na zaidi liko kwenye vitu ambavyo hakuna anayeviita kazi: kufagia jioni kwa fagio kavu, kujipuliza ovaroli kwa upepo wa kompresa kabla ya kwenda nyumbani, na kumwaga ule mfuko wa mashine ya kunyonya vumbi. Kwetu mfuko alikuwa anamwaga kijana wa deiwaka, kibarua wa kutwa, anaukung'uta uani kichwa kiko ndani kabisa, dakika chache tu, lakini amevuta kuliko fundi msasa aliyesimama tangu asubuhi. Na jina lake haliko popote kwenye orodha ya wafanyakazi.

Ukitaka kuliona vumbi lenyewe subiri giza liingie, au funga madirisha, washa tochi kali iwe nyuma ya fundi wa msasa inakuelekea wewe, mwanga wa moja kwa moja ukinge na kipande cha ubao. Lile vumbi jembamba ambalo mchana halionekani utaliona linapanda kama moshi wa ubani linapita pua lake halafu linaenda kwa mwenzake anayepaka gundi meza ya pili. Piga video muonyeshe bosi, kwangu video ilifanya kazi kuliko ripoti zote nilizoandika.

Kwenye rangi fanya hivi. Fundi rangi akimaliza kupuliza anafunua barakoa hapo hapo ainame aone kama imeng'aa, wote wanafanya hivyo, na kumbe ukungu bado uko hewani hauonekani. Sisi tuliazima mashine ya moshi kwa DJ wa maharusi, tukajaza chumba cha rangi, tukawasha feni, tukaanza kuangalia saa. Moshi ulikawia zaidi ya robo saa kuisha, na mwingine ulitokea kwa jirani anayeuza chapati. Huo muda wa moshi kuisha ndio muda ambao hakuna kuvua barakoa wala kuingia bila barakoa, uandike mlangoni kwa maandishi makubwa.

Sasa watu wenyewe. Usiwaulize "una pumu?" maana watakataa wote, mtu anaogopa kupoteza kibarua. Uliza pua inakutiririka ukiwa kazini? Usiku unakohoa? Jumapili au ukienda kijijini kifua kinaachia? Hilo la mwisho ndilo swali la dhahabu. Jua pia kwamba kifua kinaweza kubana masaa 4 mpaka 8 baada ya kuvuta, kwa hiyo mtu anabanwa saa tano usiku yuko kitandani analaumu upepo wa bahari au feni. Na mtu anaweza kufanya kazi hiyo hiyo miezi au miaka bila shida ndipo mwili ukakataa, kwa hiyo ile "mbona mimi nipo hapa tangu zamani" sio hoja.

Mwenye dalili apelekwe hospitali mapema, Bombo au popote penye daktari wa kifua, na mwambieni daktari anafanya kazi gani, asipoambiwa atampa inhela na kumrudisha kwenye hadina ile ile. Daktari anaweza kumpa kile kibomba cha kupuliza cha kupima nguvu ya pumzi, anapuliza mara 3 anaandika iliyo kubwa, angalau mara 4 kwa siku, wiki kama 4 zikiwemo siku za mapumziko. Ile chati ukiiweka pembeni ya daftari lako la kazi unaona siku za rangi zinavyoshuka.

Kipimo cha kweli kinakuja hapa mwishoni, na sio cha kununua, lete mtaalamu. Anamfunga fundi kipampu kiunoni, mpira unapita mgongoni, kichujio kinakaa kwenye kola karibu na pua, kinanyonya lita 2 za hewa kwa dakika halafu kichujio kinapimwa uzito maabara. Kwa kulinganisha, Uingereza kikomo cha vumbi la mbao ngumu ni miligramu 3 kwa mita ya ujazo kwa masaa 8, isosianeti ni miligramu 0.02. Ila aliyekwisha kupata mzio anaweza kubanwa hata chini ya hapo, huyo msimbishie kwa namba, mtoeni kwenye hiyo kazi.

Barakoa nitasema kwa kifupi: kitambaa na zile za hospitali hapana, kwa vumbi N95, ile ya kuchuja chembe, iliyobana uso, kwa kupuliza hadina ni ile ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Bosi akilia gharama mkumbushe Sheria Na. 5 ya 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi inamtaka awapime afya wafanyakazi, na pumu ikithibitika ni ya kazini kuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Ukishapata ile karatasi ya hadina piga picha uiweke hapa tuisome pamoja, na useme chumba chenu cha rangi kina feni ya kutoa hewa nje au mnapulizia uani.