Wenzangu wa nyumba wanaingia chumbani bila hodi: nilivyofanya mie

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umesema mko wasichana watatu kwenye nyumba ya kupanga Tunguu, hapa Zanzibar, kila mmoja na chumba chake, na ukenda chuo wenzio wanaingia kwako wanachukua pasi, mafuta, hata kanga. Usiku nao mlango unasukumwa tu. Hayo yalinikuta nilipopanga Fuoni.

Wanaokwambia uhame waache. Kodi umeshalipa mbele, hiyo ya pili utaitoa wapi?

Tazama kwanza mlango una kitasa gani. Kama ni kile cha ufunguo mrefu wenye meno machache, jaribu funguo zote za nyumba hiyo. Vile vya bei rahisi hutengenezwa kwa mifano michache ya funguo, kwa hiyo wa chumba cha pili unaweza kufungua chako bila mtu kuvunja kitu. Hicho badilisha chote, na hapo mwite seremala.

Kama ni cha silinda, yaani kile ambacho sehemu ya kutia ufunguo ni kipande kinachotoka peke yake, huhitaji fundi. Fungua mlango, tazama ubavuni: chini ya ulimi wa kitasa kuna skrubu moja ndefu. Itoe, tia ufunguo, zungusha kidogo huku unavuta, silinda itatoka. Nenda nayo sokoni Darajani au Mwanakwerekwe wakupe ya urefu ule ule, maana ikitokeza nje mtu anaibana kwa koleo na kuivunja. Ya zamani iweke, siku ya kuhama uirudishe.

Lakini usiguse kitu kabla hujamwambia mwenye nyumba. Wangu alikuwa bibi mmoja mtu mzima, akataka ufunguo wa akiba. Ana haki, nyumba yake. Tulikubaliana nimpe ndani ya bahasha iliyogundishwa, nikatia saini juu ya gundi. Sijawahi kusikia kaifungua.

Kwa usiku tia komeo la ndani. Hapa wengi wanaharibu: wananunua komeo nene kisha wanalikaza kwa viskrubu vya urefu wa ukucha kwenye mwimo uliooza. Bega moja tu, linang'oka na mbao zake. Taka skrubu ndefu zinazoingia mpaka ndani ya mti. Mlango ukiwa wa plaiwudi, wenye uwazi ndani, skrubu hazishiki kabisa. Toboa upande hadi upande, tia bolti, nati zikae upande wako. Ukiwa huna ruhusa ya kutoboa, kabari ya mti chini ya mlango inasaidia ukiwa ndani, ila kwenye sakafu ya vigae laini huteleza, ibandike kipande cha mpira wa ndala.

Kufuli la nje mie silipendi. Linamtangazia kila mtu kuwa haupo, na mwenye chuki akiliweka lake kwenye tumbuu, ile pete ya kutia kufuli, ukiwa umelala, umefungiwa. Kama huna budi, nunua la shaba, kwani chuma kwa hewa yetu ya chumvi kinashika kutu upesi. Likikaza, usilitie mafuta ya nazi! Yananasa vumbi. Kwangua risasi ya penseli, unga wake uutie kwenye tundu la ufunguo.

Usiku ufunguo uache karibu na mlango, usiutie mkobani. Madirisha yetu yana nondo. Moto ukitokea, mlango ndiyo njia pekee.

Jambo jengine wengi hawalitazami ni juu. Nyumba nyingi za bati kuta za vyumba hazifiki kwenye paa, ni silingi tu imefunika. Mtu mwepesi anapanda kwao na kushukia kwako. Ukiona ubao wa silingi umesogea au vumbi limeanguka kitandani, silinda haitakufaa kitu, mwambie mwenye nyumba apigilie.

Na wenzio waambie mapema kuwa unabadilisha, wasije wakakuta ufunguo hauingii. Mmoja wa wenzangu alinuna kweli, lakini pasi aliendelea kuazima, kwa hodi.

Ukipiga picha ya ubavu wa mlango ukaitia hapa, nitakwambia ni kitasa cha aina gani.