Boila mpya? Angalia mtaro kwanza

Mdogo wangu wa Namanve, kule karibu na Kampala, hongera kwa kukabidhiwa boila (tangi la kuchemsha maji yawe mvuke), kompresa (mashine ya kushindilia hewa) na mitambo ya kupoza hapo kiwanda cha juisi. Unasema boila inafakamia maganda ya kahawa mnayochoma na bosi anataka kununua nyingine. Mzuie kidogo. Fuata bomba linalotoka kwenye pasteuraiza, mashine inayopasha juisi moto kuua vijidudu: maji ya mvuke uliopoa yanarudi kwenye tangi la boila, au yanafuka mtaroni? Yana joto la karibu nyuzi 90 na hayana chumvi, mradi juisi haijapenya humo. Ukiyamwaga, unalipia moto na dawa ya maji upya.

Kompresa? Jumapili mashine nyingine zikizimwa, iache iwake, uzunguke ukisikiliza hewa inavyopiga mluzi inapovuja. Pia, ukishusha presha yake kwa bar 1 (kipimo cha presha), umeme wake hupungua kama asilimia 7.